Nilivyomnunia Mnunuzi wa Jina

Jumatatu, 4 Machi

Wewe binti! Umeadimika kama mvua ya kiangazi. Tangu uende huko mbali kuwakandia watu unga usiku kucha, hapa kwa mama yako umepasahau kabisa. Najua siku ukija utalisoma daftari hili. Nimelificha kwenye debe la unga, na wewe hujawahi kuona kifuniko ukakiacha. Soma basi, na aibu ikushike.

Habari kubwa: jina letu limepata mchumba! Unakumbuka fundi simu wa pale kona alitusajilia jina la duka mtandaoni, mkatemoto nukta com, mwaka ule wanao pacha walipoota meno? Mimi nilidhani ni kibao tu cha kutundika hewani. Kumbe mali! Kampuni kubwa ya mikate inalitaka. Mtu wao ananiandikia kwenye simu, na kila ujumbe unaanza na "kwa heshima." Nimempa jina: Bwana Heshima. Bei aliyotaja inatosha tanuri jipya la milango miwili.

Na tanuri ndilo ninalolitaka. Letu limepasuka ubavuni. Naziba huku, linafumuka kule, kama suruali ya kurithi. Ulisema mwenyewe kwamba tanuri hili haliwezi kutulisha sote, likipatikana jipya unarudi nyumbani. Nimelishika neno lako.

Mwingine angekubali palepale. Mimi? Sikusoma, lakini nimeuza mikate tangu sijakujua. Anayepokea bei ya kwanza kajiuza mwenyewe. Sijamjibu. Nimemnunia.

Jumanne, 5 Machi

Kaja wifi yangu, huyo shangazi yako Mama Miwani, kuazima chujio. Kuishi ukuta mmoja na dada wa mume ni mtihani. Kaona simu inawaka, akasoma bila kukaribishwa. Eti niuze leo leo, kesho kampuni itabuni jina jingine. Nikamwambia yeye ndiye aliyeuza mbuzi kwa bei ya kuku kwa sababu mteja alikuwa na meno mazuri. Akanuna. Akaondoka na chujio.

Bwana Heshima kauliza kama nimeuona ujumbe wake. Nimeuona! Kimya. Mteja ukimkalia kimya huanza kubishana na nafsi yake, na siku zote nafsi inashinda.

Jioni kaongeza! Sasa ni tanuri na meza ya kukandia. Nimecheka mpaka wifi kagonga ukuta.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoa dawa ya pili: mnunuzi wa pili. Hayupo, lakini nimemtunga vizuri. Nimemwandikia Bwana Heshima kwamba kuna tajiri ana gari, ana kitambi, na ana haraka. Fundi simu alisema kitambi hakina kazi pale. Nikakiacha. Tajiri bila kitambi nani atamwamini?

Bwana Heshima kajibu, kwa heshima, kwamba bei yake ndiyo hiyo, na kama yupo mwenye zaidi, basi anatutakia kila la heri. Anatutakia heri! Mimi na mtu ambaye hajazaliwa!

Baada ya hapo, kimya. Nami kimya. Tuone nani atakohoa kwanza.

Ijumaa, 8 Machi

Kakohoa! Ila mjanja, kajificha. Sasa anajiita Msajili wa Majina. Eti muda wa jina langu ulikwisha kitambo, na nisipolipa ada ndogo kabla ya Jumapili jioni, jina litakuwa la yeyote atakayeliwahi. Ujumbe kama huu umekuwa ukiingia tangu mwezi uliopita, nami nikiufuta. Leo ndiyo nimeelewa: alianza kunizunguka hata kabla hajajitokeza. Mtu wa mipango huyu!

Jina liishe muda? Jina ni maziwa? Langu nilipewa na bibi yangu na mpaka leo halijachacha. Hizi za siku-zimebaki-chache nazijua. Nami huwaambia wateja mkate ni wa mwisho, huku mwingine unaiva. Anayekuhimiza ndiye mwenye haraka.

Nimefuta. Kisha nimemhadithia wifi dirishani, nimringie kidogo. Safari hii hakubisha. Kauliza tu, Jumapili jioni saa ngapi. Wivu huo.

Jumatatu, 11 Machi

Jina limekwenda.

Fundi simu kafungua, katazama, kaniambia limesajiliwa upya, kwa mtu mwingine. Nikamwambia aangalie vizuri, huenda limeangukia chini ya vitu. Akasema mtandao hauna chini.

Nimerudi nimekaa kizingitini, nimelitazama tanuri. Ufa umefika mlangoni. Leo sikukanda. Wateja wamekuja, wamenitazama, wameondoka. Mwanangu, kila ukipiga simu nakwambia rudi, rudi. Na njia ya kukurudisha nilikuwa nayo mkononi, nikaikalia kama kuku aliyelalia mayai viza. Nitakwambia nini?

Baadaye. Nimemjua mwizi! Nilimshika fundi simu sikio, akasema yote. Ni wifi! Jana jioni alikuwa pale kona na ada yake mkononi, muda ulipofika tu, akalisajili kwa jina lake. Nimekwenda kugonga mlango. Kimya. Nakiona kivuli chake chini ya mlango, na kimya! Ananikalia kimya mimi, niliyemfundisha!

Alhamisi, 14 Machi

Lori asubuhi. Wanaume wanahema. Tanuri! La milango miwili, linang'aa hadi nimeona uso wangu na sikuupenda. Wifi mbele yao, anawaelekeza uani kwangu kama askari wa barabarani.

Kaliuza jina kwa Bwana Heshima kwa bei ileile ya kwanza. Hata meza ya kukandia hakuikumbuka! Mazungumzo yao hayakutosha kuchemsha chai. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningeambiwa, ningemnunia Bwana Heshima mpaka azeeke. Kisha akasema tanuri si langu, ni la binti wa kaka yake. Mimi naruhusiwa kulipasha moto mpaka mwenyewe afike. Na chujio karudisha.

Nimemkumbatia. Nimelia mpaka miwani yake ikalowa. Ndipo nikamweleza ukweli: nani alimlainisha Bwana Heshima? Kimya changu! Yeye kafika chungu kimeshaiva, kazi yake ilikuwa kufunua tu. Na angenisikiliza, sasa hivi tungekuwa na meza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Amekubali.

Sasa sikiliza. Muuza vyuma chakavu analitaka lile tanuri kuukuu. Bei aliyotaja ni nzuri sana. Nimemnunia. Leo kapita hapa mara mbili na mkokoteni wake, anajifanya anatazama mawingu. Kwenye simu umesema unarudi Jumamosi. Nitakupigia tena nikwambie: njoo na mizigo yote na pacha wote wawili, mpite mlango wa nyuma. Akiwasalimu, msimwitikie. Nitamwitikia mimi, akishaongeza.