Kihispania cha Fundi Cherehani

Jumatatu, 6 Mei

Nimeduwaa.

Mwanangu kapiga simu. Huyu ni binti yangu wa kwanza, mhasibu wa vyeti viwili, aliyeolewa na baharia huko wanakozungumza Kihispania. Sijisifu. Nasema tu lililo kweli. Mtaa mzima huu hakuna mwingine aliyepanda ndege mara nne.

Anajifungua mwezi ujao. Mjukuu wangu! Lakini mumewe anarudi melini tarehe ishirini, hatakuwepo. Wazazi wa mume walishatangulia mbele ya haki. Anataka mtu mmoja wa kwetu akakae naye, ila awe anajua kujieleza kwa Kihispania, maana uchungu ukianza watakuwa wawili tu ndani ya nyumba. Tiketi ni moja.

Nikamwambia, mtu huyo si ndiye mimi? Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia kwamba najifunza na sasa kinanitoka kama maji bombani.

Akasema anajua, ila shangazi yake naye kajitolea. Shangazi yake ndiye wifi yangu, karani mstaafu, mwanamke anayekunja hata mifuko ya plastiki. Kumbe kasoma kweli! Miezi minane! Na daftari! Kwa hiyo Jumamosi mkwe atatupigia simu ya picha, mmoja mmoja, atuulize maneno ya safarini. Atakayejibu vizuri ndiye atakayekwenda.

Nikasema apige hata leo, niko tayari. Nikakata simu. Nikakaa chini.

Ninajua neno moja, la salamu. Ola.

Jumanne, 7 Mei

Nimenunua kitabu cha mazungumzo ya wasafiri kwa muuza vitabu vya mtumba. Kimepotea jalada, lakini mambo yote yamo. Uwanja wa ndege, teksi, hoteli, mgahawa, choo, hospitali. Kila sura ina maswali yao na majibu yako, na chini yake namna ya kutamka. Kumbe rahisi hivi! Wifi miezi minane alikuwa anasoma nini?

Sura ya hospitali nimeibana kwa pini sita. Binti yangu ana mimba, halafu mimi nikae nikariri damu na maumivu? Maneno huumba. Sitaki mkosi.

Baba Watoto kaniuliza kwa nini nisimwambie mtoto ukweli tu. Nimeshangaa sana. Miaka thelathini naishi na mtu wa mawazo kama hayo!

Jumatano, 8 Mei

Kukariri kumeshindikana. Asubuhi nilijua sentensi tatu. Nilipomaliza kupiga pasi zilikuwa zimebaki mbili. Mchana sifuri.

Ndipo akili ikanijia. Akili za ukoo wetu hizo, ndizo alizorithi mwanangu.

Nguo za wateja zimetundikwa kwenye bomba mbele ya cherehani yangu. Kila nguo nimeibandika karatasi kwa pini. Juu neno la kutegea sikio, chini jibu lake kwa herufi kubwa. Suti ya Mwalimu Mkuu ni uwanja wa ndege. Sketi ya karani wa benki ni teksi. Gauni la bibi harusi ni hoteli. Joho la kwaya ni mgahawa. Na gauni jipya la wifi, lile la zambarau, nimelipangia choo. Haikuwa kwa ubaya. Ni zamu yake tu iliangukia hapo.

Simu nitaisimamisha kwenye kopo la vifungo. Mkwe ataona uso wangu, mimi nitaona bomba. Nisome kama mtangazaji wa habari!

Alhamisi, 9 Mei

Lo! Sijawahi kutukanwa hivi tangu nifungue duka.

Mwalimu Mkuu alipita jana nikiwa sokoni kununua uzi, Baba Watoto akampa suti yake. Na karatasi ikiwa ndani! Leo saa mbili asubuhi mkewe huyo mlangoni, mikono kiunoni, karatasi kaishika kama panya aliyekufa. Kaikuta upande wa moyo wa mumewe. Akataka kujua huyo mwanamke anayemwandikia mumewe kwa mafumbo ni nani, na kwa nini fundi ndiye tarishi.

Nikamwambia ni Kihispania, maana yake sanduku langu halijafika. Akauliza sanduku la nani, na lilikuwa linakwenda wapi na mume wake! Wapita njia wakasimama. Muuza magazeti akaacha kuuza. Akaapa atahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuja baadaye, mpole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli hakuna mwanamke. Nikasema hakuna. Akaondoka kama mtu aliyenyimwa kitu.

Uwanja wa ndege nimeuhamishia kwenye suruali ya daktari wa meno.

Ijumaa, 10 Mei

Wifi kaja kujaribu gauni. Nilimsahau! Nilikuwa nimepiga magoti napanga pindo, nikasikia juu yangu amenyamaza. Wifi kunyamaza ni sawa na king'ora. Nikainua macho. Karatasi anayo mkononi.

Akaisoma yote. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha. Sehemu tatu! Akanirudishia na kuniambia kwa upole kabisa, wifi yangu, choo kiko nyuma ya duka la dawa, miaka ishirini uko hapa unakijua, leo una haja gani ya kukiulizia kwa lugha ya watu?

Nikamwambia ninafanya marudio. Kwa sisi tuliobobea, marudio ni muhimu.

Akaangalia bomba. Akaziangalia karatasi, moja baada ya nyingine. Akatabasamu tu, akaaga. Heri angenipiga kofi.

Jumamosi, 11 Mei

Jamani. Jamani. Jamani.

Mkwe alipiga saa nne kamili. Uso wake mwema, ndevu kachonga, mwanangu kaketi pembeni, tumbo hilo! Nilitaka kulia kwa furaha. Nikajizuia, nikaangalia bomba.

Uwanja wa ndege nikajibu. Mkwe akapiga makofi. Teksi nikajibu, na shingo nikaizungusha kidogo kama mzawa. Mwanangu akamwambia mumewe jambo, nikaona kabisa ni sifa za mama yake.

Hapo akaingia bibi harusi na shangazi zake watano. Jumamosi! Siku ya kuchukua nguo! Nimeshona miaka ishirini, na sikulikumbuka hilo! Hawakusema hodi wala habari za asubuhi. Wakalitwaa gauni na kutoka nalo mbio, vigelegele juu. Siwezi kupiga kelele, niko hewani. Hoteli yangu ikatoka mlangoni. Niliisindikiza kwa macho, halafu kwa shingo, halafu kwa mwili mzima, mpaka mkwe akawa anaona sikio langu tu.

Na hapohapo akauliza habari za hoteli. Nikasoma kilichofuata kwenye bomba. Nataka samaki asiye na chumvi. Akapepesa macho, akauliza tena, nadhani ni siku ngapi. Nikasema samaki tena, safari hii kwa kujiamini.

Kiongozi wa kwaya akachukua joho. Daktari wa meno akachukua suruali. Karani wa benki akatuma dada yake. Kufikia robo saa bomba zima limebaki na gauni la zambarau. Kila alichouliza mkwe, nikamuuliza choo kiko wapi. Mara sita. Mara ya tano akanionyesha mlango wa choo chao, maskini, akidhani ni shida ya kweli.

Kisha akawa mtulivu, akasema kitu kirefu. Mwanangu akanitafsiria. Mama, tuseme chupa ya uzazi imenipasukia, nimelala sakafuni siwezi kuongea. Huyu ni mtu wa hospitali, kapokea simu. Unamwambiaje?

Sura ya pini sita.

Nikamuuliza choo kiko wapi.

Mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwanangu hakucheka.

Jumapili, 12 Mei

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanangu. Shangazi kashinda. Alijibu maswali yote.

Halafu akasema hana hasira kuhusu Kihispania. Akasema, Mama, mwaka mzima nilikuwa nalala vizuri kwa sababu ya maneno yako. Nilikuwa najiambia likinipata la kunipata, mama yupo, mama atapiga simu. Kumbe ningekuwa pale chini, na wewe umeshika simu, hujui hata kusema njooni.

Nimeusikiliza mara nne. Sijashona. Baba Watoto alileta chai, akaiweka, hakusema nilikwambia. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Nimemjibu kwamba ni kweli. Sentensi hiyo tu. Nimeshangaa jinsi ilivyo fupi.

Jumanne, 14 Mei

Wifi kaja. Nikajua kaja kuringa. Nikampongeza kabla hajaketi, ili yaishe.

Akasema nisimpongeze haraka. Eti alijibu yote, lakini lilipofika swali la hospitali alianza kwa habari za mchana, samahani kwa usumbufu, mimi ni shangazi wa mgonjwa upande wa baba. Mkwe akamwambia kwa heshima zote kwamba mpaka amalize utambulisho, mtoto atakuwa kaanza shule. Nikacheka. Nikashangaa, naye akacheka. Sijawahi kuona meno yake ya nyuma.

Kisha akanikazia macho. Akasema mwanamke akishikwa na uchungu hamwiti shangazi, humwita mama. Kwa hiyo ameshampigia mkwe, ameniombea mtihani mwingine, swali moja tu, Alhamisi. Na mwalimu ni yeye. Akatoa rula.

Nikamuuliza rula ya nini. Akasema nitaona.

Tukazichomoa pini sita. Bomba akalifunika kwa shuka. Karatasi marufuku. Nashona, yeye anauliza, najibu. Nikikosea, rula mezani, pa! Mi iha ba a dar a lus. Binti yangu anajifungua. Benga rapido. Njooni haraka. Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Mara ya kwanza nilipojua ninachosema, sindano ilivunjika. Wifi hakupiga rula. Alinipa maji, akasema haya, tena.

Jumatano, 15 Mei

Pa! Pa! Pa! Zipu mbili nimeziweka kinyume. Mteja kauliza kama duka limegeuka shule. Wifi akamwambia ndiyo, na anyamaze.

Alhamisi, 16 Mei

Mkwe alipiga. Hakucheka. Akajifanya mtu wa hospitali, akauliza kuna nini.

Nilimtazama mwanangu kwenye kioo kile kidogo, na sijui kilichonipata. Nikapiga ukelele! Mi iha! Benga rapido! Ghorofa, mlango, jina la mtaa, vyote, kwa pumzi moja! Muuza magazeti akaja mbio na ndoo ya maji. Mwenye duka la dawa akaja na sanduku la huduma ya kwanza. Mke wa Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa ng'ambo kwa yule fundi, akavuka barabara bila kuangalia magari!

Mkwe akainuka kitini. Akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, Mama, mimi mwenyewe nataka kukimbilia hospitali.

Mwanangu alikuwa analia. Akaniuliza kama najua na yale ya hoteli na teksi. Nikamwambia sijui hata moja, najua hili tu. Akasema hilo linatosha, teksi watakuja nayo uwanjani jirani zake. Niende mimi.

Wifi aligeukia ukutani kukunja shuka. Ilichukua muda mrefu kwa shuka moja. Nikamwambia asante, wifi. Akasema nisimharibie jina huko, na herufi ya haa, ambayo wenyewe huimeza, bado naitamka.

Jumamosi, 18 Mei

Tiketi imefika! Jina langu lote, kwa herufi kubwa! Nimeionyesha mtaa mzima, kisha nikarudi kwa waliokuwa hawapo mara ya kwanza. Watu watatu wameniomba niwafundishe Kihispania. Nimekubali.

Mchana mwanangu kapiga. Kuna jambo kidogo limemtia wasiwasi. Naondoka Jumanne, lakini ndege si moja. Nitashuka njiani na kungoja saa nne katika mji ambao watu wake wanazungumza Kifaransa, nitafute lango la ndege ya pili mwenyewe. Akauliza kama amwombe shangazi anifundishe mawili matatu, au awaandikie wahudumu wa ndege wanisindikize.

Nikamwambia asisumbue watu. Kifaransa nakijua tangu usichana wangu.

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akaniuliza, taratibu sana, ni Kifaransa cha kiasi gani.

Nikamwambia cha kawaida tu, mwanangu. Cha kuongea.