Kanada Yangu Katikati ya Mihogo

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Redio inasema Kanada bangi inauzwa dukani, na serikali inakula kodi. Halali, na muhuri juu! Bon, Kanada wameanza, Kongo itafuata. Siku hiyo Kisangani yote itanikuta mimi, mama Benie, nimekwisha kupanda. Mama mukwe wangu, Mama Gertrude, ameniazima kipande cha bustani mpaka Oktoba. Nikishindwa, anampa wifi Nathalie. Nathalie! Hata nyanya za kipande chake hazimtii. Nimemwomba tonton Rachidi, mjomba mwenye pikipiki ya kwenda Bafwasende, aniletee miche kumi ya bangi. Kimya kimya.

Alhamisi, 4 Septemba
Miche imefika! Majani ya vidole vitano, kama kwenye picha. Nimeificha katikati ya mihogo. Nikamuuliza mume wangu Gédéon, kwa mbali tu, Kongo itaiga Kanada lini. Akasema Kanada wana wakaguzi, maabara, umeme usiku kucha. Sisi tunakaa karibu na barrage, bwawa la umeme, na tunakula kwa mshumaa. Tena Thailand walifungua mlango, kisha wakaurudisha nusu.
"Nguo ya mutoto wa jirani, unapima kwanza."
Wivu tu.

Jumapili, 28 Septemba
Benie ameharisha siku mbili, kifaranga changu maskini. Nathalie alimpa mtoto wake uji akiwa na miezi minne, akanona kama askofu. Nami nikampa wangu. Muuguzi akanigombeza: kila mtoto na tumbo lake. Kweli kabisa! Mtu haigi tu. Nilimwimbia mpaka akalala, ameshika kidole changu. Kisha nikamwagilia Kanada yangu. Imefika gotini.

Jumamosi, 4 Oktoba
Balaa! Nathalie kamwambia Mama Gertrude kwamba ninaficha kitu kwenye mihogo. Mama akaja na kisu. Nikamkumbatia Benie, nikajiona namnyonyesha gerezani. Mama akachuma jani, akatafuna. Uso ukajikunja. Akachuma la pili.
"Nani alikufundisha kupanda ngaingai?"
Ngaingai! Ile mboga chachu ya kupikia samaki! Rachidi, nyoka we! Nikajibu nimejifunza mwenyewe, mama. Akapika chungu kizima. Gédéon sahani mbili. Nathalie tatu, kwa hasira.

Jumapili, 5 Oktoba
Mama Gertrude ameniachia kipande changu, na cha Nathalie juu yake. Donc nimekaa, nimewaza. Kosa nimeliona: Kanada iko mbali mno. Ujerumani, redio inasema, mtu mzima anaruhusiwa miche mitatu nyumbani. Mitatu! Hiyo inatuenea kabisa. Nimemtuma tonton Rachidi aniletee. Safari hii nimemwambia aionje kwanza. Amekubali haraka, mtu mwema.