Harusi ya Ilwad na Minyoo ya Mbuzi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Diski imejaa! Kompyuta imenitangazia hivyo mara tatu kabla sijamaliza chai. Nina diski nne na zote zinalia njaa ya nafasi.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Filamu ya harusi ya Ilwad, upande wa wanawake. Upande huo hupigwa picha na mwanamke na hutazamwa na wanawake peke yao. Walivua mitandio, wakacheza buraanbur, ngoma yetu ya wanawake, mpaka jasho likawatoka, kwa sababu aliyeshika kamera ni mimi, Ugbad. Ni amana. Eddo Rukiyo, mama yake Ilwad, anaitaka Jumamosi alasiri, na atawaalika wanawake wa mtaa mzima. Ana mabinti wengine watatu wa kuozwa. Nikimridhisha, harusi tatu ni zangu. Mwanamume mmoja akiiona, basi niuze kamera nikafuge kuku.

Zilpah wa duka la pili alichungulia. Alikuja kutoka Kakamega kutengeneza kompyuta na kuuza diski, sasa eti naye anapiga picha za harusi! Akasema shida yangu ni mpangilio. Mfumo wa kompyuta ukae peke yake kwenye diski ile ndogo ya kasi. Kazi zikae diski kubwa. Nakala ya kazi diski ya tatu, na nakala nyingine iwekwe mbali na nyumba. Nilimshukuru shingo upande. Muuza diski angesema nini kingine?

Jumanne, 4 Novemba

Nimemzidi akili Zilpah. Babu yangu hakusoma, lakini hakuweka ngamia wake wote kwenye kisima kimoja. Wenye maziwa walibaki karibu, wakavu walipelekwa mbali. Wala hakuwa na nakala ya ngamia hata mmoja! Kwa hiyo sinakili. Ninagawa.

Siku ya hina: diski kubwa. Mapokezi: diski kuukuu. Buraanbur, ambayo ndiyo roho ya harusi: diski ya nje, isafiri mbali kwa usalama. Nimeificha ndani ya folda niliyoiita Takataka. Ujanja huo!

Kisha nikamgundua mnyama mkavu kuliko wote. Folda inaitwa Windows. Gigabaiti thelathini! Miaka minne sijawahi kuifungua, haijawahi kunipa hata picha moja. Nikaiamuru ihame. Kompyuta ikajibu kwamba sina ruhusa. Mimi! Niliyeinunua! Nikaichomoa diski ndogo inamokaa, nikaichomeka kwenye laptopu ya dada yangu, nikabonyeza Ndiyo kila nilipoulizwa. Ikahama yote, ikaenda kukaa na Takataka.

Diski hiyo ya nje nimempa Abti Yahye, mjomba wangu, aliyekuwa anarudi Balambala. Ili asishawishike kuifungua nimemwambia ni mafunzo ya minyoo ya mbuzi. Sikuweza kufikiria kitu cha kuchosha zaidi. Aliipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 5 Novemba

Kompyuta haiwaki. Yaani inawaka, lakini kioo ni cheusi, na maandishi meupe yanasema haioni mfumo wowote. Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeisomea dua. Nimeipiga kofi. Cheusi.

Fundi Kioko yuko hatua ishirini kutoka hapa, hodari, lakini ni mwanamume, na diski zilizobaki zina mabibi harusi. Mwanamke fundi ni mmoja tu. Kwa nini, Mola wangu, lazima awe yule?

Nilimwambia ni kompyuta ya rafiki. Zilpah akaitazama stika yangu iliyo ubavuni, akauliza huyo rafiki ameifanya nini. Nikasema amehamisha folda moja ndogo tu, Windows. Akakaa chini kwanza. Kisha akaeleza kwamba huo ndio mfumo wenyewe, na hata ukirudishwa hautashika. Ataweka mpya, kazi hazitaguswa. Akauliza diski yenye ngoma iko wapi. Nikasema iko Balambala, karibu na mto.

Alhamisi, 6 Novemba

Abti Yahye amepiga simu, furaha tele. Minyoo imemaliza mbuzi wa Balambala msimu huu, na habari za mafunzo yangu zimefika mpaka malishoni. Hesbon, afisa wa mifugo, ataleta projekta kesho baada ya sala ya Ijumaa. Watu sitini wameahidi kuja. Wote wanaume!

Ilwad bila mtandio, mama yake akizunguka katikati ya duara, ukutani, mbele ya wachungaji sitini!

Nikamwambia abti diski ni mbovu. Akasema Hesbon ameijaribu, taa inawaka. Nikamwambia mafunzo yenyewe ni ya zamani. Akasema minyoo nayo ni ileile ya zamani. Nikamwambia aifiche. Akacheka, akasema siku zote nimekuwa mnyenyekevu.

Kweli nimeogopa. Wanawake wale waliniamini.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefika Balambala saa nane, vumbi mpaka kwenye kope. Ghala limejaa. Shuka jeupe ukutani. Mlangoni mbuzi watatu wagonjwa, wameletwa kama ushahidi.

Na kwenye shuka? Majina ya faili! Hesbon, maskini, alikuwa amefungua ile Windows, na kwa nusu saa nzima wazee wametazama majina yakipanda na kushuka. Alipofika kwenye System32, mzee mmoja akauliza kama thelathini na mbili ndiyo idadi ya vidonge. Abti akamwambia Hesbon kwa Kiswahili chake cha maofisa: "Bwana Hesbon, maneno iko mingi. Bicha ya minyoo iko wabi?" Hesbon akasema imebaki folda moja, inaitwa Takataka. Na mshale ukaanza kuelekea huko.

Nikaruka juu ya wazee wawili na mbuzi mmoja, nikachomoa waya wa diski na wa projekta kwa pamoja. Giza. Watu sitini wakanigeukia.

Nikatangaza kwamba nimekuja kufundisha mwenyewe.

Saa nzima! Sijui lolote kuhusu minyoo. Kila sentensi yangu ilisahihishwa na watu wanne. Nilisema mbuzi apewe dawa kila siku, ghala zima likashika kichwa. Mwishowe wakafundishana wao kwa wao, Hesbon akaandika mambo yao, na mimi nikatoka na diski kifuani. Hakuna aliyeona kitu. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 8 Novemba

Diski imegoma! Zilpah anasema haichomolewi ghafla namna ile. Asubuhi nzima aliibembeleza, na mimi nikatembea nyuma yake nikiahidi kufunga siku tatu. Saa sita ngoma ikaonekana. Nililia, na simwambii mtu. Akaunganisha vipande vyote. Akauliza Windows ilifuata nini Balambala. Nikasema kubadilisha hewa.

Alasiri, vigelegele. Ilwad akamkumbatia bibi yake. Eddo Rukiyo akaniita mwanangu, akanipa harusi zote tatu. Kisha akauliza diski nazihifadhi wapi. Nikasema kwa jamaa. Akaamua hapohapo: mimi nipige picha, Zilpah atunze diski.

Nitunziwe, kama mtoto! Zilpah amenipa diski mbili zenye harusi yote. Moja ibaki kwangu, nyingine nikishaikagua nimpelekee Jumatatu, maana kesho yuko kanisani. Kwenye kompyuta yake amefuta kila kitu, kwa heshima ya wanawake. Hilo nampa.

Jumapili, 9 Novemba

Nimezichunguza zile diski mbili, faili kwa faili. Zinafanana kabisa! Upotevu mtupu wa nafasi, na ndiye anayenifundisha mpangilio. Moja nimeifuta yote, nitampelekea hiyo kesho. Aitunze.

Ile yenye harusi iende mbali. Kosa langu halikuwa kugawa, kosa lilikuwa minyoo. Binamu yangu Kadar alikuwa anarudi Ifo, kambi ya wakimbizi, leo, nikampa. Safari hii nimechagua kwa akili: nimemwambia ni orodha mpya ya majina ya mgao wa chakula. Karatasi za ofisi, basi. Nani huko Ifo atapoteza muda wake kwa orodha ya mgao?

Kadar amepiga simu mara sita tangu alasiri, na nyuma yake nasikia kama watu wamepanga foleni. Sipokei tena. Lazima amefika salama.