Orlane na Benchi la Mbele

Jumatatu, 8 Juni
Hatari! Mama yake Orlane amepiga simu kutoka Bururi: mtoto akishindwa mwaka huu, anarudi kilimani kulima maharagwe. Orlane ni mjukuu wa marehemu kaka yangu. Namlea hapa mjini, mtaa wa Mutakura, ili asome. Benchi langu la shule nililiacha tulipokimbia vita kwenda Kigoma, nikazeekea huko kabla ya kurudi. Lake halipotei! Ila wamemweka benchi la mwisho, nyuma ya msitu wa vichwa. Benchi la kwanza yuko Ghada, mjukuu wa Nasor muuza vitambaa. Nasor hunikumbusha hilo kila tunapokunywa chai.

Jumanne, 9 Juni
Nimepata! Mbele huwekwa wenye macho mabovu. Nimempa Orlane miwani yangu. Akasema, "Apana, Babu, mi naona vizuri. Naona hata kuku wa Mama Consolate kule." Nikamwambia katika darasa kama lile macho mazima ni mkosi. Tumefanya mazoezi ya kufinya macho. Ana kipaji. Atakuwa waziri, atakaa Kiriri kwa wakubwa, nami nitakunywa chai barazani kwake nikilitazama ziwa. Yeye anataka kutibu ng'ombe kwao. Utoto.

Alhamisi, 11 Juni
Ushindi! Mwalimu Sylvère amemhamishia benchi la kwanza, ubavuni mwa Ghada. Nimempa Nasor habari polepole, zimwingie. Akaacha chai yake ipoe. Siku njema, ingawa uji niliutia chumvi badala ya sukari.

Jumatatu, 15 Juni
Aibu. Orlane kapata sifuri ya hesabu. Kwa miwani yangu ubao mzima ulikuwa ukungu. Mwalimu kaniita. Nikaenda bila miwani. Nikamsalimu langoni kwa Kifaransa changu bora, nikamweleza kwa kirefu mustakabali wa mtoto. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Muzee, mi ni zamu, nalinda mulango tu. Mwalimu yuko ndani."
Ndani, Sylvère akamvua Orlane miwani, akamwambia asome kalenda ya ukutani. Akasoma hata maandishi madogo ya chini. Akaniambia nisome mimi. Nikauliza kalenda ipi. Akasema anayestahili benchi la mbele ni mimi, akamrudisha mtoto nyuma. Mitihani ni wiki ijayo. Familia hii itapoteza benchi la pili, na safari hii hakuna vita vya kulaumu.

Ijumaa, 3 Julai
Matokeo yametangazwa uani, kwa sauti, kuanzia wa kwanza. Kila jina lisilo letu lilinipunguza. Nikajikuta nimemshika Nasor mkono. Wa nane: Orlane! Nasor akasema alhamdulillahi kabla yangu. Nikalia. Akanipa kipande cha kitambaa cha dukani, kizuri mno kwa pua yangu. Ghada wa kumi na mbili. Nikampigia mama yake Orlane: vigelegele tupu, sikusikia neno. Anabaki shuleni!
Nikamuuliza Orlane kawezaje. Kasema benchi la nyuma wanakaa waliorudia darasa. Wameyasikia yote mwaka jana, humweleza kabla mwalimu hajamaliza.
Nasor naye kasikia. Sasa anataka Ghada ahamie nyuma mwakani! Thubutu! Darasa lijalo nyuma huwekwa warefu, na Orlane ni mfupi. Lakini sokoni nimeona viatu vya visigino. Orlane kasema, "Babu, apana." Kesho tunaanza mazoezi ya kutembea.