Ua Litakaloitwa Ndeti

Jumanne, 4 Novemba 2025
Kathonzweni. Nimegundua mmea! Uko kwenye mwamba nyuma ya shamba. Hauna majani; una shina nene la pembe nne, na ua dogo la rangi ya damu ya mzee, saizi ya kifungo cha shati. Miaka arobaini na sita sijawahi kuinama pale! Nimeazima kitabu kwa jirani yangu Mulwa, mwalimu mstaafu, nikidai natafuta dawa ya mbuzi. Kurasa zote mia tatu, haumo. Basi ni wangu. Utaitwa Ndeti, kama mimi. Nimewaambia wazee wa kanisa wawili tu, tena kwa siri.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempigia Dkt. Mumbua, mtaalamu wa mimea. Atakuja Jumamosi. Amesema nikaushe kipande ndani ya gazeti, juu niweke kitu kizito. Nimekiweka chini ya godoro, upande wa mke wangu Kasiva.

Ijumaa, 7 Novemba
Balaa. Kasiva anasema panya ameoza chumbani. Inzi wa kijani kila mahali! Tumetoa kitanda nje. Godoro nililibeba mwenyewe, gazeti nikalificha ndani ya shati, kisha nikamsaidia kutafuta panya kwa bidii sana. Alipoenda kuteka maji nikafunua. Siku mbili chini ya Kasiva na hakijakauka. Kimechanua! Ua ndilo linalonuka mzoga. Kwa nini ua linuke hivyo? Nilichungulia mpaka nikasahau kuziba pua. Sasa liko mfukoni mwa koti. Kasiva akijua, Mulwa atajua kabla ya jioni.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumepanda mwambani na Dkt. Mumbua, wazee wawili nyuma yetu na suti zao. Tukamkuta Mulwa ameketi, anatafuna. Anatafuna Ndeti! "Hii tulikuwa tunakula sana tukichunga mbuzi," akasema, akanipa kipande. Daktari akacheka. Mmea unajulikana zamani, una jina lake. Na kitabu? Nilikuwa nacho kwapani; daktari akanionyesha jalada: ni cha miti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.
Akaniazima lenzi. Ndani ya ua kuna mayai meupe: inzi hudhani ni nyama, hutaga, huondoka wamebeba chavua. Limewalaghai! Kwa dakika moja nilifurahi kweli.

Jumapili, 9 Novemba
Sijaenda kanisani. Wazee wananiita Bwana Maua. Nimetoa ua mfukoni nilitupe, kumbe lina mdudu. Mdogo, wa samawati, madoa mawili mgongoni. Sijawahi kumwona! Nimemfunika kwa glasi. Nimempigia daktari mara tatu, hajashika.
Huyu, hata Mulwa hajawahi kumla.