Mguu wa Kochi la Nashwa, Pande Nne kwa Mashine Moja

Mheshimiwa imamu wa mtaa, mheshimiwa naibu wa imamu, waheshimiwa wachonga samani wa mji wetu wa Dimyati mliohudhuria na mnaosinzia, mheshimiwa muuza mashabaki, vile vitamutamu vya sharubati, uliyeegesha toroli mbele ya jukwaa bila kibali, Bwana Bahgat na Mama Ragaa wazazi wa bibi harusi, na majirani mlioko roshani: amani iwe juu yenu, kisha juu yangu mimi, Haji Metwali, Mwenyekiti wa Kudumu wa Klabu ya Uchongaji kwa Kompyuta! (Makofi. Toroli halisogei.)

Jana kochi la bibi harusi wetu Nashwa lilichopoka kwenye kamba likishushwa kutoka ghorofani, mguu ukavunjika. Na alasiri hii samani zake zinazungushwa mjini juu ya magari, kwa ngoma, hadi kwa mume, ambako mama mkwe keshasimama mlangoni na miwani yake. Wachongaji walisema kuchonga mguu mpya ni kazi ya wiki nzima. Nani alisema, “Niachieni mimi”? (Mama Ragaa: “Wewe, Haji! Mguu uko wapi?”)

Taratibu, mama! Mashine yetu, hii iliyofunikwa kitambaa, ni ndogo ya kuweka mezani, na kisu chake huchonga kutoka juu tu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mkakati shirikishi wa ugeuzaji endelevu, ukimaliza upande mmoja unageuza mti, unauchomeka kwenye vijiti vilevile viwili vya kuushikilia, ili waridi la upande huu likutane na jani la upande ule. Ukiteleza kwa unywele mmoja, umechonga kuni. Mtaa wa pili waliugeuza miguu juu, maua yakatoka kichwa chini, bwana harusi akalazimika kuyatazama akiwa amesimama kwa kichwa! (Kicheko.) Mimi, niliyeacha shule darasa la tano baada ya mwalimu kuishiwa maswali, niligeuza pande zote nne bila kupepesa, ufanisi asilimia mia na arobaini!

(Anauinua mguu. Bwana Bahgat anaupachika: unakaa barabara. Vigelegele. Mama Ragaa anafuta machozi: “Mungu akuweke, Haji! Ila mbona una mikwaruzo kama ya kucha?”)

Hiyo ni mistari ya kisu, mama, ushahidi wa teknolojia! (Sauti: “Funua mashine basi tuione!”) Bado ina joto, bwana, ikipigwa na upepo itashikwa na mafua!

Geuza mti! Geuza mtaa! Pande nne, mwenyekiti mmoja!

Kwa kumalizia, namshukuru Bi. Inshirah kwa kutuazima kitambaa, pamoja na cherehani iliyo chini yake, ambayo imeiwakilisha mashine kwa heshima kubwa mpaka wafadhili watakapopatikana. Namshukuru zaidi mke wangu Dawlat, ambaye kochi lake la harusi lilichongwa na fundi yuleyule wa kochi hili, na ambaye tangu asubuhi anakunywa chai akiwa ameinamia upande mmoja, kochi lake likiegemea debe la samli. Pia paka wetu Mishmishi, anayezunguka sebuleni akitafuta pa kunolea kucha.

Asanteni sana. Sasa pakieni kochi, jamani, upesi. Naliona vazi la Dawlat likikata kona.