Kuhusu Posa ya Fundi na Pikapu Inayozima Kilimani

Ndugu Mshenga,

Salamu kwako na kwa waliokutuma. Uliponiletea posa ya yule fundi wa gereji kwa binti yangu wa pekee, uliomba jibu kabla ya Jumamosi. Jibu langu ni hapana. Mimi ni seremala, sipigi msumari bila sababu, kwa hiyo sababu zangu nazipanga kwa namba ili asiwepo wa kusema nina roho mbaya.

1. Pikapu yangu ya dizeli imenitumikia miaka kumi na minne bila kunivunjia heshima. Wiki ileile ulipoingia sebuleni kwangu na bahasha ya posa, ikaanza kuzima. Inakwenda dakika ishirini, inakata mafuta, kimya. Ukiiacha ipumzike kidogo, ukapiga pampu ya mkono, inawaka kana kwamba haikufanya lolote. Sisemi ni mkosi. Nasema tu tarehe zinalingana.

2. Imezima na kabati, imezima na meza ya diwani, na Ijumaa iliyopita ilizima kilimani ikiwa na kitanda cha maharusi. Kitanda kilifika kesho yake saa nne asubuhi. Bwana harusi hanisalimii mpaka leo.

3. Nilimpa kijana gari alitazame, nikauhesabu kuwa ndio mtihani wake. Alibadilisha filta. Likazima. Akafunga bomba la plastiki linaloonyesha ndani ili ajue kama linavuta hewa, akachutama nusu saa nzima akitazama dizeli ikipita. Hewa hakuiona. Likazima.

4. Kisha akanidhalilisha. Aliweka dumu la dizeli nyuma ya pikapu, akachomeka mpira, gari likawa linanywea humo kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu, na mtaa mzima ukaona. Ni kweli kwamba siku hiyo lilizunguka kutwa bila kuzima hata mara moja. Lakini mimi sikuomba gari la kunywea kwenye dumu. Nina tangi.

5. Hapo ndipo alipothubutu, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko matusi, kuomba ruhusa ya kushusha tangi. Ameomba mara tatu, nimemkatalia mara tatu. Tangi lile nalilinda mwenyewe. Kifuniko chake kilipopotea sikuliacha wazi. Niliviringisha soksi yangu ya kijivu, nikaziba mdomo barabara. Sasa uchafu ungepitia wapi?

6. Na kwa kuwa tumefika kwenye soksi: iliibwa. Niliamka nikakuta haipo, ikabidi ninunue kifuniko kipya. Jioni iliyotangulia kijana wako alikuwa amekuja kutusalimia, akapita kando ya gari. Simtuhumu mtu. Ila kikulacho ki nguoni mwako, na mwanamume aliyeanza na soksi moja, ipo siku atarudia ya pili.

7. Leo siku ya tano binti yangu hali nami mezani. Ananiandalia, anafunika, anaondoka. Mama yake amehamia upande wake. Naumia, Mshenga, sina mtoto mwingine. Lakini ndiyo maana naogopa: nitampaje mtu ambaye gari likizima njiani hajui kwa nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Posa irudi ilikotoka. Kijana aandike kwa mkono wake kwamba ni gari lililomkataa, si mimi. Na soksi irejeshwe, ikiwa imefuliwa.

Nisalimie wote nyumbani kwao, wakubwa kwa wadogo, hasa mama wa kijana, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi, mwenye tangi safi,
Baba wa Binti

Tanbihi: Nilikuwa nakuletea barua hii leo asubuhi, pikapu ikazima mbele ya gereji ya kijana. Nikachoka kukataa, nikamwambia ashushe hilo tangi. Alilishusha, akachovya ndoano ya waya, akaivua soksi yangu. Akanieleza polepole: injini ikivuta, soksi inanyonywa na kuziba bomba, injini ikizima, inaachia na kuelea zake. Watu walikuwa wamejaa, wakauliza kumepatikana nini. Kijana akaisokomeza mfukoni mwa ovaroli, akawaambia ni uchafu wa kituo cha mafuta. Machozi yalinilenga, nami bahasha hii nimeishika mkononi.

Futa namba zote, hata ile ya tarehe. Njooni Jumamosi mchukue jibu lenu, nalo ni ndiyo. Ningeichana barua, ila mama wa binti ameisoma na kuamuru ikufikie kama ilivyo. Ombi la tatu amelitekeleza yeye mwenyewe: soksi, ambayo kijana alinirudishia watu walipotawanyika, ameifua, ameianika peke yake kwenye kamba ya mbele, pale pale watakapopita wageni, na amesema haianuliwi mpaka mje.